Nusu na Robo ni Ngapi? Piga Hesabu ya Jikoni Kabla ya Kuweka PIN

Tuseme una kibanda cha mandazi na chapati pale Keroka, mji uliokaa mpakani mwa Kisii na Nyamira. Siku yako inaanza kwa vipande: unga robo tatu, sukari robo, mafuta nusu. Unampigia mwenye duka simu, anakutajia jumla, unalipa kwa till, na kijana wa boda boda anakuletea mzigo. Lakini ukikosea hesabu, pesa imeshatoka. Ukiagiza zaidi, umelipia usichohitaji. Ukiagiza pungufu, utalipa mara ya pili, na boda pia anataka yake.

Twende pamoja, hatua kwa hatua.

1. Uliza kwanza: robo ya nini?

Sokoni nafaka hupimwa kwa gorogoro, ule mkebe wa kilo 2. Dukani kuna mizani ya kilo. Robo gorogoro ya mahindi ni karibu nusu kilo, lakini robo kilo ni gramu 250. Jina ni moja, mzigo ni tofauti. Usijumlishe robo mbili kabla ya kujua zimetoka kwenye kipimo kimoja.

2. Kujumlisha: vipande vilingane

Unataka kusonga ugali wa wimbi. Unachanganya unga wa wimbi nusu kilo (1/2) na unga wa muhogo robo kilo (1/4). Wengi hujumlisha juu kwa juu, chini kwa chini, wanapata 2/6. Hebu angalia: 2/6 ni sawa na theluthi moja (1/3), ambayo ni ndogo kuliko nusu uliyoanza nayo. Unaongezaje unga halafu unapungua?

Namba ya chini inakuambia kilo imegawanywa mara ngapi. Ya juu inakuambia umechukua vipande vingapi. Nusu na robo si vipande vya ukubwa mmoja, kwa hivyo kata ile nusu iwe robo mbili:

1/2 = 2/4
2/4 + 1/4 = 3/4

Namba ya chini haijumlishwi kwa sababu ni kama jina la kipande. Ndizi mbili na ndizi moja ni ndizi tatu. Robo mbili na robo moja ni robo tatu.

3. Kutoa: nini kimebaki?

Una pakiti ya unga wa ngano ya kilo 2. Mandazi ya asubuhi yalichukua 3/4, chapati za jioni 1/2.

Zilizotumika: 3/4 + 2/4 = 5/4, yaani kilo moja na robo.
Kilo 2 ni robo nane: 8/4 − 5/4 = 3/4.

Imebaki robo tatu. Kesho unahitaji tena kilo moja na robo: 5/4 − 3/4 = 2/4. Agiza nusu kilo tu, pesa nyingine ifanye kazi nyingine.

4. Theluthi zikiingia

Mapishi yanataka sukari 2/3 ya kikombe, na wewe una 1/2 ya kikombe. Hapa tafuta namba inayogawanyika kwa 3 na kwa 2, nayo ni 6:

2/3 = 4/6
1/2 = 3/6
4/6 − 3/6 = 1/6

Umepungukiwa na 1/6 ya kikombe, kama vijiko vitatu vya mezani visivyojaa sana. Hiyo unaweza hata kuomba kwa jirani.

5. Hakikisha kwa shilingi

Chukua mfano wa bei rahisi: kilo moja shilingi 160. Nusu ni 80, robo ni 40. Nusu na robo ni 80 + 40 = 120. Robo tatu ya 160 ni 120 pia. Zimekubaliana! Lile jibu la 2/6 lingekupa shilingi 53 na senti, chini ya bei ya nusu kilo peke yake. Shilingi huumbua hesabu mbaya haraka sana.

Zoezi: Una sukari kilo moja na nusu. Chai imechukua robo kilo, mandazi 3/8. Imebaki ngapi?

Jibu: Badilisha zote ziwe za nane: 12/8 − 2/8 − 3/8 = 7/8. Kwa bei ya 160: 240 − 40 − 60 = 140, na 7/8 ya 160 ni 140.

Kabla ya kulipa, andika vipande vyako, jumlisha, kisha linganisha na jumla aliyokutajia mwenye duka. Zisipolingana, muulize kwanza. Zikilingana, kagua jina la duka na kiasi kwenye simu, ndipo uweke PIN.