Gunia lipande, mgongo upumzike

Wadogo zangu mnaouza dukani huku mtaa wa Lac Vert, Goma, leo nataka tuongee habari ya mgongo. Najua utasema: yaya, mimi sibebi makaa kama mama wa soko la Kituku mwenye kamba kwenye paji la uso, mimi napima unga tu. Wewe mpima unga ndiye ninayekutafuta.

Hebu jiangalie kesho. Asubuhi gunia limejaa, unachota ukiwa umesimama vizuri. Ikifika saa tisa unga uko chini kabisa, na kila mteja wa kopo moja anakuinamisha mpaka kichwa kinaingia guniani, magoti yamenyooka kama fimbo. Halafu kopo likiwa bado mkononi, unajipinda kiunoni umimine kwenye mfuko wa mteja. Kuinama na kujipinda kwa pamoja ndiko kunakobana vibaya lile gegedu laini lililo kati ya pingili za mgongo. Na kwa kuwa tunauza kadogo kadogo, gunia moja linakuinamisha mara nyingi ajabu.

Mawe ya volkano hatujawahi kuyakosa hapa. Yapange, weka mbao juu, pandisha gunia. Unga ukipungua, mimina kwenye beseni juu ya meza. Ukitaka kugeuka, sogeza miguu. Mafuta na sabuni, vinavyoombwa kila saa, vikae kati ya goti na bega. Karatasi za chooni ndizo ziende juu darini.

Chukudu, ile baiskeli ya mbao, ikileta mzigo, ita mtu mshikiane. Tangu 1967 Shirika la Kazi Duniani linapendekeza mwanamume mzima asibebeshwe zaidi ya kilo 55, na mwanamke apewe pungufu sana. Patroni akikuambia "wewe si bado kijana?", cheka naye, lakini usibebe.

Maumivu yakishuka mguuni, au mguu ukifa ganzi, nenda kwa daktari wa mifupa, pale hospitali ya HEAL Africa kwa mfano. Mkojo ukikutoka bila kujua, au ukigoma kutoka, nenda hospitali siku hiyohiyo. Usianzie kwa mkandaji.

Sheria ya kazi ya nchi yetu, ya 16 Oktoba 2002, inamdai patroni alinde afya yako kazini. Wengi wenu hamna mkataba, nalijua hilo. Basi ukiumia, mwambie patroni palepale mbele ya mtu, kisha andika tarehe na ulichokuwa unainua. Daftari la madeni si lipo? Tumia ukurasa wa nyuma.