Mbale ya Katanga na Mashindano ya Bomu la Atomiki

Katika masomo ya fizikia na historia, mwanafunzi hufundishwa kwamba bomu la kwanza la atomiki lilitengenezwa Marekani wakati wa Vita vya Pili vya Dunia. Jambo lisilotajwa mara nyingi ni kwamba sehemu kubwa ya urani iliyotumika ilichimbwa Afrika, katika mgodi wa Shinkolobwe, Katanga, ulio zaidi kidogo ya kilometa 1,000 kusini-magharibi ya Ngara. Tena, mbale ya mgodi huo, yaani mawe yenye madini, iliwafikia Wamarekani na Wajerumani vilevile. Kwa nini basi upande mmoja ulipata bomu na mwingine haukupata? Hilo ndilo swali la somo hili.

Walimu na wanafunzi wa Ngara na Biharamulo wana sababu mbili za kulitazama swali hili kwa karibu. Kwanza, wilaya zao zimepakana na historia ya Ubelgiji katika Afrika. Mwaka 1916 majeshi ya Wabelgiji kutoka Kongo yaliiteka Biharamulo yakiwa njiani kuelekea Tabora, na baadaye Ubelgiji ikazitawala Rwanda na Burundi, jirani za Ngara, hadi mwaka 1962. Pili, ardhi ya wilaya hizo ina dhahabu na nikeli, na metali zote mbili zina nafasi yake katika habari hii.

1. Dhahabu na kiini cha atomu

Mwaka 1909, huko Manchester, Uingereza, wasaidizi wa Ernest Rutherford walielekeza chembe za alfa kwenye karatasi nyembamba sana ya dhahabu. Chembe nyingi zilipita, lakini chache zilirudi nyuma. Mwaka 1911 Rutherford alieleza sababu: karibu uzito wote wa atomu umekusanyika katika kiini kidogo mno kilichomo katikati. Dhahabu ilichaguliwa kwa kuwa hufulika ikawa nyembamba kuliko metali nyingine. Ni dhahabu ya aina hiyohiyo iliyochimbwa Tulawaka, Biharamulo, kwani elementi ni moja popote ipatikanapo.

2. Kiini kinachopasuka

Mnamo Desemba 1938, mjini Berlin, Otto Hahn na Fritz Strassmann waliipiga urani kwa nyutroni wakakuta elementi nyepesi zaidi, bariumu. Lise Meitner, aliyekuwa amekimbia utawala wa Hitler, pamoja na mpwawe Otto Frisch, walitambua kwamba kiini cha urani kilikuwa kimepasuka vipande viwili. Kila mpasuko hutoa nishati, na pia hutoa nyutroni mbili au tatu mpya. Nyutroni moja ikizaa mbili, mbili zikazaa nne, na nne zikazaa nane, baada ya vizazi 80 hivi idadi hupita milioni mara milioni mara milioni mara milioni. Katika bomu, vizazi hivyo vyote huchukua muda usiozidi takriban sehemu ya milioni moja ya sekunde.

Hata hivyo, urani ya asili ina isotopu mbili kuu. Urani-238 ni asilimia 99.3, nayo haiendelezi mfululizo huo. Urani-235, iliyo asilimia 0.7 tu, ndiyo ipasukayo kwa urahisi. Kazi ngumu ilikuwa kuzitenganisha.

3. Shinkolobwe

Mgodi wa Shinkolobwe uligunduliwa mwaka 1915 na kuendeshwa na kampuni ya Kibelgiji ya Union Minière du Haut-Katanga. Hapo mwanzo kilichotafutwa ni radiamu, iliyouzwa kwa bei kubwa kwa ajili ya hospitali. Urani ilikuwa kama pumba baada ya kupeta nafaka. Sifa ya mbale hiyo ilikuwa utajiri wake. Mbale iliyosafirishwa mwanzoni ilikuwa na takriban asilimia 65 ya oksaidi ya urani, ilhali mbale ya migodi mingi ya nchi nyingine haikufika hata asilimia 1.

Tarehe 2 Agosti 1939, Albert Einstein alitia sahihi barua kwa Rais Roosevelt wa Marekani, iliyotayarishwa kwa msaada wa Leo Szilard. Barua hiyo ilionya kwamba bomu la aina mpya lingeweza kutengenezwa, na ikaitaja Kongo ya Ubelgiji kuwa chimbuko muhimu kuliko yote la urani. Edgar Sengier, mkuu wa Union Minière, alikuwa ameonywa mwaka huohuo na wanasayansi wa Uingereza na Ufaransa. Mwaka 1940 aliamuru takriban tani 1,200 za mbale zisafirishwe hadi New York, zikahifadhiwa humo ndani ya mapipa katika ghala. Mnamo Septemba 1942 Kanali Kenneth Nichols wa jeshi la Marekani alipomwendea Sengier kutafuta urani, mbale ilikuwa tayari imekwisha kuvuka bahari.

Wachimbaji wa Katanga, ambao lugha yao ya kazi ni Kiswahili, walichagua mawe hayo kwa mikono. Urani hutoa gesi ya radoni, ambayo ikivutwa kwa muda mrefu huweza kusababisha kansa ya mapafu. Kazi hiyo ilifunikwa kwa siri kubwa, na waliochimba hawakuelezwa mawe yalikuwa yanakwenda kufanya nini.

4. Tufanye hesabu

Mwalimu anaweza kuwapa wanafunzi hesabu ifuatayo. Asilimia 65 ya tani 1,200 ni tani 780 za oksaidi (U₃O₈). Kwa uzito wa atomu, urani ni 714 katika kila 842 za oksaidi hiyo, yaani karibu asilimia 85. Tunapata tani 663 za urani. Asilimia 0.7 yake ni kilo 4,640 hivi za urani-235.

Bomu la Hiroshima lilikuwa na kilo 64 hivi za urani, ambayo takriban asilimia 80 yake ilikuwa urani-235, yaani kilo 51. Kwa karatasi tu, shehena ile ingetosha mabomu 90. Lakini hadi Agosti 1945 Marekani ilikuwa imetengeneza bomu moja tu la urani. Hivyo kikwazo hakikuwa mbale. Kikwazo kilikuwa utenganishaji.

5. Nikeli na utenganishaji

Njia mojawapo iliyotumika Oak Ridge, Marekani, ilikuwa kuigeuza urani kuwa gesi ya heksafloraidi (UF₆) na kuipitisha katika utando wenye matundu madogo mno. Molekuli yenye urani-235 ina uzito wa 349, na yenye urani-238 ina uzito wa 352. Kwa kanuni ya Graham, nyepesi hupenya haraka kuliko nzito kwa uwiano wa kipeuo cha pili cha 352 kugawanya kwa 349, yaani 1.0043. Tofauti ni ndogo mno, kwa hiyo ilibidi kazi hiyo irudiwe maelfu ya mara. Isitoshe, gesi hiyo hula metali nyingi. Metali iliyoistahimili ilikuwa nikeli, nayo ndiyo iliyotumika kutengenezea utando na kupakia mabomba. Urani iliyotoka hapo ilikamilishwa kwa mitambo ya sumaku. Mahali pengine, Hanford, urani ya asili ilitumika katika mitambo ya kinyuklia kuzalisha plutoni.

Mradi mzima uliajiri watu wapatao 130,000 ulipofikia kilele, na uligharimu karibu dola bilioni 2 za wakati ule.

6. Upande wa Wajerumani

Walipoivamia Ubelgiji mwaka 1940, Wajerumani walikuta akiba kubwa ya urani ya Katanga katika viwanda vya Union Minière, wakaichukua. Vita ilipokaribia kwisha, Aprili 1945, takriban tani 1,100 za mbale zilikutwa Stassfurt, Ujerumani. Hivyo Ujerumani haikukosa mawe. Ilikosa mambo mengine. Wanasayansi wake wengi, hasa Wayahudi, walikuwa wamefukuzwa au kukimbia. Vipimo vyao vya mwaka 1941 viliwafanya waamini kwamba grafiti haifai kupunguzia kasi ya nyutroni, kumbe grafiti waliyoipima haikuwa safi vya kutosha. Wakategemea maji mazito kutoka Norway, ambako kiwanda chake kilihujumiwa mnamo Februari 1943. Wakati huo, tarehe 2 Desemba 1942, Enrico Fermi alikuwa amekwisha kuendesha mtambo wa kwanza wa kinyuklia huko Chicago, kwa grafiti iliyosafishwa.

7. Matokeo

Bomu la urani lilitupwa Hiroshima tarehe 6 Agosti 1945, na bomu la plutoni likatupwa Nagasaki tarehe 9 Agosti. Hadi mwisho wa mwaka huo, watu wanaokadiriwa kuwa 140,000 walikuwa wamekufa Hiroshima na 70,000 Nagasaki, wengi wao raia. Katika bomu la Hiroshima, urani iliyopasuka haikufika kilo moja. Nishati yake ilikuwa sawa na tani 15,000 za baruti ya TNT, yaani juli 63,000,000,000,000. Mitambo ya umeme ya Rusumo, mpakani mwa Ngara na Rwanda, yenye uwezo wa megawati 80, ingehitaji kufanya kazi usiku na mchana kwa siku tisa hivi kutoa nishati hiyo. Hiroshima iliipokea kwa kufumba na kufumbua.

8. Fundisho

Mawe ya Shinkolobwe yalikuwa yaleyale New York na Stassfurt. Kilichotofautisha ni maarifa: kupima kwa usahihi, kusafisha kemikali, kubuni utando. Waliokuwa na maarifa ndio walioamua matumizi, na waliochimba hawakuulizwa. Ndiyo maana si jambo dogo kwa mwanafunzi wa Ngara kujua nikeli iliyo chini ya Kabanga husafishwaje, wapi, na na nani. Nchi za Afrika nazo zimetoa uamuzi wao kuhusu silaha hizi: Mkataba wa Pelindaba, unaolifanya bara letu kuwa eneo lisilo na silaha za kinyuklia, ulianza kutumika tarehe 15 Julai 2009.

Maswali ya kujadiliwa

1. Ikiwa mbale ya Shinkolobwe ingekuwa na asilimia 1 tu ya oksaidi, tani ngapi za mbale zingehitajika kupata kilo 51 za urani-235?
2. Kwa nini isotopu za urani haziwezi kutenganishwa kwa njia za kawaida za kemia?
3. Je, mchimbaji ana haki ya kujua matumizi ya madini anayochimba? Toeni hoja za pande zote mbili.