KIVULI KATIKA PAFU

Huku kwetu Tongaren mtu akikohoa kwa muda mrefu twasema moja kwa moja kuwa ana kifua kikuu. Mimi pia nilidhani hivyo hadi Babu alipougua.

Makohozi yake yalipimwa mara mbili, viini vya kifua kikuu havikupatikana. Picha ya eksirei nayo ilionyesha kivuli kwenye pafu. Sasa, kivuli hakina jina. Chaweza kuwa kifua kikuu, saratani, kuvu au kovu la zamani. Ndiyo maana daktari hutaka kipande kidogo cha nyama kutoka mahali penyewe kikapimwe kwa hadubini.

Kipande hicho hutolewaje? Mgonjwa hutiwa dawa ya ganzi kooni, kisha mpira mwembamba kuliko penseli, wenye taa na kamera, hupitishwa puani au mdomoni hadi kwenye mirija ya hewa. Kifaa hicho huitwa bronkoskopu. Mjerumani Gustav Killian alianza kazi hii mwaka 1897 kwa bomba gumu lililonyooka. Miaka ya 1960, Shigeto Ikeda wa Japani akaleta mpira unaopindika.

Taabu ni kwamba mirija ya hewa hugawanyika kama matawi ya mti, na mpira haufiki kwenye vijitawi vya mwisho. Kivuli cha Babu kiko huko pembeni. Kipande kilichokatwa hakikuonyesha ugonjwa wowote. Baba mdogo akafurahi, "Basi mzee ni mzima, twende nyumbani!" Daktari akamwambia kwamba kukosa jibu si sawa na kukosa ugonjwa.

Akatueleza njia nyingine. Waya mwembamba hupitishwa ndani ya bronkoskopu mpaka kwenye vijitawi. Ncha yake hutoa mawimbi ya sauti, kama yale ya kumtazama mtoto tumboni mwa mama. Pafu lenye afya limejaa hewa, kwa hivyo mawimbi hutawanyika. Yakikuta uvimbe, hurudi na kuchora umbo lake kwenye skrini. Hapo daktari anajua amefika, naye hukata pale pale. Hata njia hii hukosa mara nyingine, na yaweza kuleta damu au hewa kuvuja kifuani. Lakini wengi huepuka kupasuliwa.

Babu amekubali kwenda tena. Wenzangu, wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Kikohozi kikizidi wiki 2, nendeni mkapimwe. Na jibu lisipopatikana, msichoke kuuliza.