Kisukari na Presha kwa Pamoja: Yakupasayo Kila Siku

Watu wengi walio na kisukari wana shinikizo la damu pia, au presha kama tulivyozoea kuiita. Magonjwa haya mawili hushambulia mishipa ile ile ya damu: ya moyo, ubongo, figo, macho na miguu. Ndiposa mwenye yote mawili yumo katika hatari kubwa zaidi ya kupatwa na kiharusi au kushindwa kwa figo kuliko mwenye ugonjwa mmoja.

Ubaya ni kwamba mara nyingi hayaumi. Mgonjwa humeza dawa kwa mwezi mmoja, akajisikia mzima, akaziacha. Fahamu, msomaji, kwamba kujisikia mzima si kupona. Huenda ndiyo kazi ya dawa zenyewe. Daktari utamwona labda mara moja kwa miezi mitatu. Siku zilizobaki, mtunzaji ni wewe.

Asubuhi

Kabla ya kupima presha, keti kwa dakika 5, mgongo umeegemea, nyayo zikiwa sakafuni na mkono ukiwa mezani usawa wa moyo. Ukiwa umekunywa kahawa au kuvuta sigara, ngoja nusu saa. Andika kipimo daftarini na uende nalo kliniki. Presha inayofika 140/90 mara kwa mara yahitaji kushughulikiwa, na huenda daktari akataka yako ishuke zaidi.

Vijikaratasi vya kupimia sukari ni ghali. Kama hutumii insulini na huwezi kupima kila siku, badilisha saa: siku moja kabla ya kifungua kinywa, siku nyingine saa mbili baada ya chajio. Hivyo utajua ni mlo gani unaokusumbua. Anayetumia insulini afuate ratiba ya daktari wake.

Meza dawa pamoja na jambo usilolisahau, kama vile chai ya asubuhi. Ukisahau, usimeze maradufu baadaye. Dawa ikikuletea taabu, sema. Kwa mfano, enalapril huwaletea baadhi ya watu kikohozi kikavu. Usiiache kimya kimya. Mwambie daktari akubadilishie, kwani zipo nyingine.

Mezani

Gawa sahani yako hivi: nusu mboga kama sukuma wiki au kunde, robo ugali, wali au chapati, na robo maharagwe, ndengu, samaki au nyama. Ugali wa wimbi ni bora kuliko wa unga uliokobolewa, lakini nao ni wanga. Ukila mlima mzima, sukari itapanda. Chumvi ya siku nzima isizidi kijiko kimoja cha chai, ikihesabiwa na ile iliyomo katika mkate na vibonge vya mchuzi. Hakuna haja ya kupikiwa sufuria yako peke yako. Chakula hiki chafaa jamii yote.

Tembea kwa haraka kiasi cha dakika 30, angalau siku 5 kwa juma.

Jioni, tazama miguu

Kisukari huua hisia za miguu. Nimewatibu watu waliotembea kutwa nzima na msumari ndani ya kiatu bila kujua. Osha miguu kwa maji ya uvuguvugu uliyoyapima kwa kiwiko, ikaushe hadi kati ya vidole, kisha utazame nyayo kwa kioo au umwombe mjukuu akutazamie. Usiikande kwa maji moto, usiiote jikoni, wala usikate sugu kwa wembe. Ukiona kidonda, hata kidogo, nenda hospitali siku hiyo hiyo. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na hapa ukuta ni kukatwa mguu.

Siku ikiwa mbaya

Ukitetemeka, ukatokwa na jasho na kuchanganyikiwa, huenda sukari imeshuka chini ya 4. Koroga vijiko vitatu au vinne vidogo vya sukari katika maji, unywe, kisha upime tena baada ya dakika 15. Bado iko chini? Rudia. Ikipanda, kula chakula. Wafundishe walio nyumbani, na uwaonye wasimnyweshe chochote aliyezimia, akimbizwe hospitali.

Ukitapika au kuhara, usiache insulini kwa sababu tu hujala. Lakini baadhi ya tembe za kisukari na presha huenda zikahitaji kusimamishwa kwa muda, kwa hivyo muone daktari mapema.

Jihadhari pia na dawa za maumivu kama diclofenac na ibuprofen. Hupandisha presha na kudhuru figo, nawe wazinunua ukidhani ni za mgongo tu.

Mwisho, macho na figo zipimwe kila mwaka hata kama huoni tatizo. Uso ukipinda, mkono ukilegea au kifua kikikubana, usingoje kupambazuke. Nenda hospitali usiku huo huo.