Usingizi wa Mwuguzaji

Penye mgonjwa watu huuliza, "Ameamkaje?" Ni nadra kumsikia mtu akiuliza habari za yule aliyekesha naye. Huyo mara nyingi ni mmoja tu, mke au binti au mkwe, na kukicha hungojwa na jembe, maji na uji wa watoto.

Tutazame Urambo, nchi ya tumbaku. Majira ya kukausha majani huangukia katika miezi ya mvua. Moto wa bani hauna budi kuwaka usiku na mchana kwa siku 5 hadi 7, kwani ukizimika majani huharibika. Baba akilinda moto, mama hubaki peke yake na mzee mgonjwa. Na bani likiwa karibu mno, moshi huwafuata hata kitandani. Mvua nayo ikipiga mabati, sauti ya mgonjwa haisikiki, hivyo mama huamka mara kwa mara kwenda kumtazama, ingawa hakuitwa.

Mtu mwingine akisumbuliwa na kelele aweza kuziba masikio au kuhamia chumba cha pili. Mwuguzaji hathubutu, sikio lake lazima libaki wazi, na kila kishindo cha mtaani humfikia yeye kwanza. Mwaka 2009 ofisi ya Ulaya ya Shirika la Afya Duniani ilishauri kelele za usiku nje ya nyumba zisizidi desibeli 40. Spika za arusi zetu (tuseme kweli) hukipita kiwango hicho mbali sana.

Labda mtu atasema kwamba kukesha ndiyo kuuguza. Hasha! Mtu mzima ahitaji usingizi wa saa 7 au zaidi, na aliyeukosa kwa siku nyingi ni rahisi kukosea kipimo cha dawa.

Basi, kamba itokayo mkononi mwa mgonjwa hadi kitandani pa mwuguzaji itamwamsha hata mvua ikivuma, naye aweza kulala bila kutega sikio. Chandarua kiwe juu ya vitanda vyote viwili, si cha mgonjwa peke yake. Bani la mwakani lijengwe mbali, upande usioleta moshi nyumbani. Jirani na ashike zamu walau usiku mmoja kwa juma. Na mwenye kilabu cha pombe aelezwe kwa upole kwamba nyumba ya tatu kuna mgonjwa. Pengine hajapata kuambiwa.