Mwili Darasani, Akili Ziwani

Ndugu msomaji, hebu jiulize: ni mara ngapi umesoma ukurasa mzima wa kitabu, macho yakapita mstari baada ya mstari, kisha ulipofika chini ukagundua kwamba hujui ulichosoma? Mwili ulikuwa dawatini, lakini akili ilikuwa imekwisha kuvuka daraja la Mbita ikaenda zake. Hali hii ndiyo ninayotaka tuijadili. Nimeichagua kwa sababu inatupotezea alama, wakati mwingine hugharimu hata maisha ya watu, na bado tunaichukulia kuwa ni utundu tu wa wanafunzi.

1. Maana yake katika lugha

Kiswahili hakina uhaba wa maneno kuhusu jambo hili. Mtu huzama katika lindi la mawazo, huduwaa, hupitiwa au hughafilika. Hebu tuyatazame mawili ya mwisho. Aliyepitiwa hakutenda jambo, bali ametendewa; kitenzi chenyewe chatuambia hivyo. Nalo neno "kughafilika" limetoka katika mzizi mmoja wa Kiarabu na neno "ghafla", wenye maana ya kutozingatia. Basi jambo la ghafla ni lile linalomkuta mtu akiwa ameghafilika. Kumbe ndani ya maneno haya mawili mna somo zima: kwanza, fikra huhama bila kutuomba ruhusa, pili, hasara hutufikia tukiwa hatuna habari.

2. Wasemavyo wataalamu

Mwaka wa 2010, Matthew Killingsworth na Daniel Gilbert wa Chuo Kikuu cha Harvard, Marekani, walichapisha utafiti wa watu 2,250. Waliwauliza kupitia simu, katika saa wasizotarajia: unafanya nini sasa, unawaza nini, na unajisikiaje? Katika asilimia 46.9 ya majibu, watu walikuwa wakiwaza jambo jingine, si lile walilokuwa wakilifanya. Hiyo ni karibu nusu! Aidha, watu hao walikuwa na furaha kidogo kuliko wale ambao fikra zao zilikuwa kazini.

Kwa hivyo mwanafunzi ambaye akili yake imehama si mjinga wala si mkorofi. Ni binadamu kama wengine. Ubongo haulali tunapoacha kuutuma kazi. Mwaka wa 2001, Marcus Raichle na wenzake walieleza kwamba ziko sehemu za ubongo ambazo hufanya kazi zaidi mtu anapokuwa hana shughuli maalumu. Sehemu hizo hukumbuka yaliyopita na kupanga yajayo. Ukiuachia ubongo mwanya, hizo hushika usukani.

3. Madhara katika masomo

Kusoma ni kama kufuma wavu. Kila fundo hushikana na jingine, na fundo moja likikosekana samaki wanatoroka. Mwaka wa 2008 Jonathan Smallwood na wenzake waliwapa watu hadithi ya upelelezi ya Sherlock Holmes. Wale ambao fikra zao zilihama katika sehemu zenye vidokezo muhimu walitatizika zaidi kumtambua mhalifu. Macho yao yalipita juu ya vidokezo vile, lakini havikuingia kichwani.

Sasa tazama Karatasi ya Pili ya Kiswahili katika mtihani wa KCSE. Ufahamu una alama 15 na ufupisho una alama 15. Hizo ni alama 30 ambazo majibu yake mengi yamo mumo humo katika karatasi, mbele ya macho ya mtahiniwa! Anayezikosa si lazima awe hajui Kiswahili. Pengine alisoma kifungu chote akili ikiwa kwingine, na lililo baya zaidi, hakujua kwamba hakuwapo.

4. Madhara katika kazi za kila siku

Fikra huhama upesi zaidi katika kazi tulizozizoea. Hapa Rusinga mifano ni tele. Mtoto huwekwa ufuoni alinde omena zilizoanikwa juu ya nyavu. Kazi ni nyepesi mno, kwa hivyo akili huondoka. Ndege wanajilia, au mvua inanyesha omena zingali nje. Usiku, taa za wavuvi zinapong'aa ziwani kama mji mwingine, ndani ya mtumbwi kuna anayechota maji kwa mkebe na kuyamwaga nje. Mkono wake waweza kuendelea wenyewe, lakini nani atatambua kwamba maji yameanza kuingia kwa kasi?

Barabarani nako ni hivyo hivyo. Watafiti wa Bordeaux, Ufaransa, waliwahoji madereva 955 waliojeruhiwa katika ajali, wakachapisha matokeo mwaka wa 2012. Zaidi ya nusu walisema kwamba fikra zao zilikuwa zimehama kabla ya ajali. Wale waliokuwa wamezama sana mawazoni ndio walioelekea zaidi kuwa wasababishi wa ajali zenyewe. Abiria wa bodaboda, mkumbushe mwenye pikipiki hayo kwa upole.

5. Mchezo wa kujipima

Mchezo huu nimeutoa katika jaribio lililobuniwa na Ian Robertson na wenzake mwaka wa 1997. Mmoja asome tarakimu 1 hadi 9 zikiwa zimechanganywa, upesi upesi, kwa dakika nne. Wengine wapige kofi kwa kila tarakimu isipokuwa 3. Rahisi, au sio? Tulipoucheza chamani vicheko havikuisha. Mkono ukishazoea kupiga, hupiga hata pale mwenyewe alipokatazwa. Hilo ndilo kosa la mazoea.

6. Je, ni vibaya daima?

La hasha. Fikra zinazohama ndizo zinazotukumbusha ahadi zetu na kutupangia kesho. Tena tusichanganye kuhama kwa fikra na udadisi. Mwaka wa 1948, hapa kisiwani, Louis Leakey alikuwa akishughulika na mabaki ya mamba wa kale. Mkewe Mary hakuvutiwa na mamba. Alitembea kando akikagua mteremko. Akaona vipande vya mfupa na jino. Vikawa ni fuvu la kiumbe wa jamii ya masokwe, Proconsul, aliyeishi miaka ipatayo milioni 18 iliyopita. Tangu mwaka wa 2015 wataalamu wanamwita Ekembo. Miguu ya Mary ilitangatanga, lakini akili yake ilikuwa papo hapo kwenye macho yake.

7. Tufanyeje?

(a) Jikamate. Kila mwisho wa aya simama, useme kwa sentensi moja ulichosoma. Ukishindwa, rudi bila kujilaumu.

(b) Soma maswali ya ufahamu kabla ya kifungu. Akili iliyotumwa kutafuta kitu haizururi sana.

(c) Weka karatasi kando wakati wa prepu. Wazo likikujia, liandike, uliambie lingoje.

(d) Fanya mazoezi ya kurudi. Kaa kimya dakika chache, fuata pumzi yako, na kila fikra zinapohama zirudishe. Katika utafiti wa Michael Mrazek na wenzake, mwaka wa 2013, wanafunzi wa chuo waliofunzwa hivyo kwa wiki mbili walipata alama bora za ufahamu.

(e) Lala vya kutosha. Usingizi ukikosekana, akili haishikiki.

Neno la mwisho nalielekeza kwa walimu wetu wapendwa. Mwalimu, ukiona mwanafunzi anatazama dirishani, huenda usiku kulikuwa na dhoruba na baba yake hajarudi kutoka ziwani. Huenda karo haijalipwa. Kumkaripia kutarudisha macho yake ubaoni, lakini akili itabaki kule kule. Swali la upole baada ya kipindi laweza kuirudisha.

Zoezi

1. Tunga sentensi mbili ukitumia "kupitiwa" na "ghafla".
2. Taja kazi moja ya nyumbani kwenu ambamo kughafilika ni hatari. Eleza sababu.
3. Ulipokuwa ukisoma makala haya, fikra zako zilihama mara ngapi? Zilikwenda wapi? Rudi ukasome hapo zilipoondokea.

Kazi kwenu!