JIFUNZE NENO: WARRAKI

Leo tunajifunza neno ambalo pengine hujapata kulisikia. Neno lenyewe ni warraki. Ni neno la Kiarabu, na sisi katika Kiswahili hatulitumii. Lakini ndugu yake unamfahamu sana. Ndugu yake ni waraka.

Maana yake

Kwa Kiarabu, waraka ni jani la mti. Tena ni karatasi. Ukifikiri utaona vinafanana: vyote ni vyembamba, na upepo ukija vyote hupeperuka. Sisi Waswahili tumechukua maana ya karatasi yenye maandishi. Ndiyo maana tunasema waraka wa serikali, na Wakristo wanasoma nyaraka za Mtume Paulo.

Basi mtu ambaye kazi yake ilikuwa karatasi na vitabu, Waarabu walimwita warraki.

Kazi ya warraki

Mji wa Baghdad, huko Iraki, ulianza kujengwa mwaka 762. Ufundi wa kutengeneza karatasi ulitoka Uchina, ukafika Baghdad katika karne hiyo hiyo ya 8. Karatasi ilikuwa rahisi kuliko ngozi za wanyama, kwa hiyo vitabu vikawa vingi.

Siku hizo mitambo ya kupiga chapa haikuwepo huko. Kila kitabu kilinakiliwa kwa mkono, neno kwa neno. Warraki ndiye aliyenakili. Pia aliuza karatasi, alishona vitabu na kuvitia majalada, akauza vipya na vikuukuu. Mwandishi al-Yaqubi, wa karne ya 9, alisema sehemu moja ya mji ule ilikuwa na maduka ya mawarraki zaidi ya 100.

Mwandishi mwingine wa karne hiyo, al-Jahiz, alipenda mno kusoma. Inasimuliwa kwamba alikodi maduka ya mawarraki ili alale humo, akisoma usiku kucha. Wewe unayesoma kwa kibatari hauko peke yako!

Warraki mmoja, Ibn al-Nadim, alifanya kazi kubwa. Mwaka 987 alitunga kitabu cha kuorodhesha vitabu alivyovijua pamoja na watungaji wake. Mwaka 1258 Wamongolia waliuteka mji na kuuharibu. Leo vingi kati ya vitabu alivyovitaja havipo tena duniani. Tumebakiwa na majina tu.

Baghdad bado ina mtaa wa wauza vitabu, unaitwa Mtaa wa al-Mutanabbi. Tarehe 5 Machi 2007 bomu lililipuka hapo. Watu wakafa, vitabu vikaungua. Mwaka 2008 mtaa ulifunguliwa tena.

Matumizi ya neno

Angalia vizuri. Neno warraki linaanza na "wa", lakini ni mtu mmoja. Ni kama waziri na wakili. Tunasema:

Warraki ananakili kitabu.
Mawarraki wananakili vitabu.

Waraka lina njia yake:

Waraka huu umechakaa.
Nyaraka hizi zimechakaa.

Linatuhusu nini?

Mzee mmoja katika darasa letu la kisomo alikuwa na sanduku la makaratasi ya marehemu baba yake. Wakati huo hajui kusoma. Vijana wake wakayauza kwa mfunga karanga. Baadaye jirani akadai sehemu ya shamba. Baraza likauliza, "Mzee, hati ya mauziano iko wapi?" Mzee akanyamaza. Hati ilikwisha kufungiwa karanga, watu wakala, wakaitupa. Shamba lile alilikosa. Mwaka uliofuata akaja darasani na daftari.

Ndugu msomaji, sasa unajua kusoma. Kabla hujauza au kuchoma karatasi kuukuu, isome kwanza. Kama ni hati, barua ya ukoo au kitabu cha zamani, kiweke pakavu, juu, mbali na mchwa na panya. Kama ni maandishi ya herufi za Kiarabu, usiseme hayana maana. Wazee wetu wa pwani waliandika Kiswahili kwa herufi hizo kwa miaka mingi. Tafuta mtu anayezijua akusomee. Na karatasi inayofifia, inakili kwa mkono wako, neno kwa neno, halafu linganisha. Hiyo ndiyo ilikuwa kazi ya warraki.

Maswali

1. Neno waraka lina maana gani mbili kwa Kiarabu?
2. Kwa nini vitabu viliongezeka Baghdad?
3. Andika kwa wingi: Warraki ameuza waraka wake.
4. Nyumbani kwenu kuna karatasi gani za zamani? Zimewekwa wapi? Jadilianeni darasani.